Mkono Usiopunga: Historia ya Ugonjwa wa Parkinson na Wazee wa Mwambao wa Nyasa

Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alitua Songea katika ziara yake ya Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka 70. Wakatoliki wa Ruvuma, ambao Wabenedikto waliweka makao kwao Peramiho tangu 1898, na ambao upande wa Mbinga walikuwa na jimbo lao jipya lililoundwa 1986, walimpokea mzee mwenye mabega mapana na sauti nzito, mtu aliyezoea kupanda milima tangu ujana wake kwao Poland.

Muda si mrefu baada ya ziara hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kutetemeka. Miaka ilivyosonga hatua zake zikafupika, mgongo ukainama, uso uliojaa bashasha ukawa haubadiliki, na sauti ikafifia hata ikawa shida kumsikia. Kwa miaka mingi Vatikani haikuutaja ugonjwa huo waziwazi. Ni mwaka 2003 ndipo ilipokubalika hadharani kwamba Papa anaugua Parkinson. Alifariki Aprili 2, 2005. Dunia nzima ilikuwa imeutazama ugonjwa huu ukimshika mtu mmoja hatua kwa hatua, mbele ya kamera, kwa zaidi ya miaka kumi.

Katika miaka hiyohiyo, katika vijiji vya Umatengo, huko Mbinga, na mwambao wa Ziwa Nyasa, walikuwapo wazee ambao mkono mmoja ulianza kutetemeka wakiwa wameketi, ambao walianza kuburuta mguu kwenye njia waliyoipita tangu utotoni. Hao hawakupata jina la ugonjwa wao. Waliambiwa ni uzee. Wengine waliambiwa ni baridi yabisi au presha, na wengine walinong'onezwa kwamba kuna mkono wa mtu.

Historia iliyoandikwa ya upande huu wa nchi inakumbuka mengi. Inakumbuka jinsi Wamatengo walivyokimbilia milimani na mapangoni mbele ya Wangoni, na jinsi walivyolima miteremko mikali kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa safu kwa safu ambayo hushika maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke. Inakumbuka vita vya Litembo dhidi ya Wajerumani mwaka 1902. Inakumbuka Agosti 13, 1914, pale meli ya Waingereza, Guendolen, ilipoivamia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa. Bunduki na mizinga viliandikiwa tarehe. Miili ya wazee, namna ilivyochoka na namna ilivyougua, haikuandikiwa chochote. Ndiyo maana historia ya ugonjwa huu inabidi tuianzie mbali, kisha tuifuate mpaka nyumbani.

Mwaka 1817, wakati Wangoni walikuwa bado hawajavuka mto Zambezi kuja huku, daktari James Parkinson wa Hoxton, London, alichapisha kitabu kidogo kuhusu alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Alikuwa na umri wa miaka 62. Maelezo yake yalijengwa juu ya watu sita tu. Baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake hata kidogo: alikutana nao barabarani, akawatazama wanavyotembea, akawasimamisha na kuwauliza ilianzaje. Kwa macho yake aliona mtetemeko unaotokea kiungo kikiwa kimepumzika, kiwiliwili kinachoinamia mbele, na mwendo unaoanza kwa hatua za kawaida kisha ukageuka mbio ndogondogo zisizozuilika. Hakuwa na mashine ya kupima ubongo. Alikuwa na subira na jicho.

Nusu karne baadaye, Paris, Jean-Martin Charcot alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière, iliyojaa wanawake wazee ambao jamii ilikuwa imewaacha. Charcot alifanya jambo ambalo hata leo baadhi ya watabibu hulisahau: alisisitiza kwamba mgonjwa anaweza kuwa na ugonjwa huu bila kutetemeka. Aliutenganisha ukakamavu wa misuli na uzito wa kuanza tendo, akaonyesha kwamba mgonjwa huwa mzito wa mwendo hata pale misuli yake haijapoteza nguvu. Ndiye aliyependekeza ugonjwa upewe jina la Parkinson. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akichunguza ubongo wa watu waliofariki kwa ugonjwa huu, aliona kwamba sehemu ndogo iliyo chini ndani ya ubongo, ambayo kwa kawaida ni nyeusi, ilikuwa imefifia rangi kwa sababu chembe zake zimekufa.

Chembe zile zilikuwa zikitengeneza nini? Jibu lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini, na kwamba sungura walionyimwa kemikali hiyo kwa dawa walilala bila kujongea, kisha wakainuka walipodungwa levodopa, kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer walipima ubongo wa marehemu waliougua Parkinson na kukuta dopamini imepungua mno. Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, Hornykiewicz na Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa kwenye mshipa. Watu waliokuwa wamelala kitandani wakaketi, wakasimama, wakatembea, ingawa kwa saa chache tu. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, George Cotzias huko Marekani alionyesha kwamba dawa hiyo ikinywewa kwa kiasi kinachopandishwa polepole, nafuu hudumu.

Dawa hiyo, ikichanganywa na kabidopa ili isiharibike kabla ya kufika kwenye ubongo, ndiyo inayotumika mpaka sasa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiuponyi ugonjwa wala haizuii chembe zisiendelee kufa. Lakini humrudishia mtu mikono yake na miguu yake kwa miaka. Na levodopa haikutoka mbali na mashamba yetu: mwaka 1937 wanakemia wa India waliitoa katika mbegu za upupu, ule upupu ambao kila mtoto wa kijijini anaujua kwa muwasho wake. Jambo hili halimruhusu mtu yeyote kumsagia mzee mbegu za upupu nyumbani, kwa kuwa kiasi cha dawa hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kikizidi huleta kutapika, kuchanganyikiwa na presha kushuka ghafla.

Kwa hiyo kufikia 1970 dunia ilikuwa na jina la ugonjwa, ilijua sababu ya dalili zake, na ilikuwa na dawa. Lakini Afrika iliachwa kando na dhana kwamba Waafrika hawaugui sana ugonjwa huu. Dhana hiyo ilitokana na hesabu za hospitali: wagonjwa wachache walionekana wodini, basi wagonjwa ni wachache. Hakuna aliyekwenda kuwatafuta wale wasiofika hospitalini. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Nigeria na Ethiopia walianza kupita nyumba kwa nyumba. Tanzania ilifuata, na kazi yake ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote za Afrika mpaka wakati huo.

Kazi hiyo ilifanyika wilaya ya Hai, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Tangu miaka ya 1990 mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima ulikuwa umewazoesha watu wa Hai kutembelewa na wahesabuji. Richard Walker na Catherine Dotchin kutoka Uingereza, pamoja na madaktari na wahudumu wa Kitanzania, waliitumia njia hiyohiyo. Wahesabuji walibisha hodi, wakauliza maswali mafupi kuhusu dalili, na kila aliyejibu kwa namna ya kutia shaka alichunguzwa na daktari. Siku ya hesabu iliwekwa kuwa Januari 1, 2006. Katika wakazi 161,071 walipatikana wagonjwa 33, yaani 20 katika kila watu 100,000. Hesabu ilipolinganishwa kwa umri na idadi ya watu wa Uingereza, ambako wazee ni wengi zaidi, ilifika 40 katika kila 100,000.

Hesabu hiyo iko chini ya ile ya Ulaya, lakini ilikuwa na jambo lililopaswa kutikisa nchi. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wale hawakuwa wamewahi kutambuliwa na mtu yeyote. Hai iko jirani na hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, moja ya sehemu chache nchini zenye wataalamu wa mishipa ya fahamu. Ikiwa chini ya kivuli cha KCMC wagonjwa wengi kiasi hicho walikuwa wakiishi bila jina la ugonjwa wao, hali ya mbali zaidi inaweza kukisiwa.

Mwaka 2011 mtafiti Gerry Mshana, pamoja na Dotchin na Walker, walichapisha utafiti mwingine wa Hai, safari hii wakiwasikiliza wagonjwa, jamaa wanaowatunza, wahudumu wa afya na waganga wa jadi. Yaliyosemwa yanafahamika kwa kila aliyekulia kijijini. Wapo waliodhani ni uzee, wapo waliodhani wamerogwa, wapo waliozunguka kutoka mganga mmoja hadi mwingine huku mali ikiisha. Wahudumu wa afya wenyewe hawakuwa na ujuzi wa kutosha. Katika kazi nyingine ya hukohuko Hai, wagonjwa waliopewa levodopa walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na matokeo yakaonyesha kwamba mzee wa kijijini Tanzania anaweza kutibiwa kwa dawa hii nyumbani kwake, mradi dawa iwepo na awepo mtu wa kumfuatilia.

Tuje sasa Ruvuma. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa huu kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Tukichukua kiwango cha Hai kama kipimo cha kukadiria tu, mkoa unapaswa kuwa na watu zaidi ya 350 wenye ugonjwa huu. Wako wapi? Wachache huenda wako kwenye daftari za hospitali za Peramiho na Litembo, na ile ya Kianglikana ya Liuli. Waliobaki wako majumbani, kwenye vibaraza na karibu na meko.

Na upande huu wa nchi umewahi kuona kwamba ugonjwa wa miguu hupatikana pale tu unapotafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Mbinga, iliyokuwa bado imejumuisha mwambao wote wa ziwa ulio Ruvuma kabla ya wilaya ya Nyasa kutengwa 2012, ilipatwa na konzo. Huo ni ulemavu unaotokana na sumu ya mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vizuri, hasa mlo ukiwa na upungufu wa protini. Daktari William Howlett na wenzake walikuwa wameueleza kutoka Tarime, kaskazini mwa nchi, ambako ulizuka mwaka 1985 wakati wa ukame. Huku kusini, mtafiti Mlingi na wenzake walipita vijijini, wakawapata walioathirika na kuyaorodhesha matukio, kisha kina mama wakafundishwa kulowesha unga wa muhogo na kuutandaza tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili sumu itoke.

Konzo na Parkinson zisichanganywe. Konzo humpata zaidi mtoto na mama kijana. Huja ghafla, hushika miguu yote miwili, kisha husimama hapohapo ilipofika. Parkinson humpata zaidi mtu aliyevuka miaka 60. Huja polepole, huanza upande mmoja, nayo husonga mbele mwaka hadi mwaka. Wala isichanganywe na kiharusi, ambacho huangusha upande mzima kwa dakika na kuondoa nguvu. Lakini konzo ilionyesha kwamba vijiji vya Mbinga vinafikika, na kwamba mtafiti akibisha hodi, watu huwaleta wagonjwa wao.

Mtu akibisha hodi leo kumtafuta mwenye Parkinson, atazame nini? Dalili za mwanzo ni ndogo, na huonekana kwanza katika kazi ambazo mikono imezifanya maisha yote. Mzee anapotembea, mkono mmoja hubaki umening'inia bila kupunga ilhali mwingine unapunga. Akiwa ameketi akisikiliza maongezi, kidole gumba na cha shahada huanza kusuguana kana kwamba anaviringisha kidonge, na mtetemo huo hutulia anyooshapo mkono kuchukua kikombe. Hapa ndipo unapotofautiana na mtetemeko mwingine wa kawaida uzeeni, ule unaoonekana zaidi mtu anaposhika kikombe chenyewe, ambao mara nyingi hushika mikono yote miwili na hurithiwa katika ukoo.

Mvuvi wa Mbamba Bay aliyekuwa akishona wavu kwa kasi hujikuta vidole vya mkono mmoja vinachelewa. Mkulima anayechambua kahawa hugundua kwamba mkono wa kulia umeachwa nyuma na wa kushoto. Baba anayefyeka majani ya kupanga ngoro, mama anayefukia majani hayo kwa jembe, hulalamika bega limekaza, na hupakwa dawa ya kuchua mwezi baada ya mwezi. Vifungo vya shati huwa kazi ya dakika nyingi. Mwandiko wa mwalimu mstaafu huanza vizuri, kisha herufi zikazidi kuwa ndogo mpaka mwisho wa mstari. Macho hupunguza kupepesa, uso hupunguza kucheka, na watoto hudhani mzee amekasirika. Sauti hushuka. Usiku, kujigeuza kitandani huwa taabu. Akitaka kugeuka njiani, hageuki kwa mara moja. Huzunguka kwa hatua nyingi fupifupi.

Jambo ambalo hata mhudumu wa zahanati anaweza kulifanya ni hili: amwombe mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada mara nyingi kwa haraka, akifungua vidole kwa upana wote. Kwa mwenye Parkinson, mwendo huanza vizuri kisha hupungua, upana ukisinyaa kila mara, na upande mmoja huwa mbaya zaidi. Huo ndio uzito wa mwendo alioueleza Charcot, na bila huo ugonjwa hauthibitishwi, hata kama mtetemeko upo. Kisha aulize kuhusu mambo yanayotangulia mwendo kwa miaka: kupoteza uwezo wa kunusa, choo kigumu cha muda mrefu, na kupiga mateke au kupayuka usingizini kana kwamba anaigiza ndoto. Na kabla ya yote aangalie dawa anazotumia mzee, kwa sababu dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, na hata metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili hizihizi, nazo zikiachishwa kwa ushauri wa daktari dalili huweza kuondoka.

Hakuna kipimo cha damu cha kawaida wala picha ya eksirei inayothibitisha ugonjwa huu. Daktari bingwa wa Muhimbili au wa London, akimwona mgonjwa kwa mara ya kwanza, huanza palepale alipoanzia Parkinson barabarani: kumtazama mtu anavyotembea, anavyogeuka, anavyotumia mikono. Wilaya iliyo mbali na mashine za kisasa haina sababu ya kushindwa kuushuku ugonjwa huu, maana kinachohitajika kwanza ni jicho lililofundishwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na Parkinson, na kwamba idadi hiyo imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25. Sababu moja kubwa ni njema: watu wanaishi zaidi. Umatengo na mwambaoni nako wazee wanaongezeka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, lakini ahadi hiyo haimfikii mwenye Parkinson ikiwa hakuna aliyeutambua ugonjwa wake, au ikiwa duka la dawa la hospitali halina levodopa siku anapofika.

Kinachotakiwa si kikubwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita kaya za Mbinga na Nyasa waongezewe maswali machache kuhusu mwendo wa wazee. Watabibu wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kipimo cha vidole, na wapewe mahali pa kumpeleka mgonjwa. Litembo, Liuli, Peramiho na hospitali za serikali ziwe na levodopa na kabidopa muda wote, maana dawa hii ikikatika ghafla humrudisha mzee kwenye ukakamavu ndani ya siku chache, na inaweza hata kuhatarisha maisha. Familia zielezwe kwamba mzee huyu hajarogwa, hajakasirika wala hajawa mvivu. Ahimizwe kutembea na kufanya kazi anazoziweza kila siku, kwa kuwa mazoezi humsaidia.

Wahesabuji waliopita nyumba za Hai hawakuwa mabingwa wa ubongo. Walifundishwa kuuliza na kutazama, na kwa kazi yao Tanzania iliionyesha Afrika kwamba wagonjwa hawa wapo. Kazi iliyofanyika mara moja chini ya Kilimanjaro inaweza kufanyika Mbinga, Litembo, Liuli na Mbamba Bay. Kila mwaka unaopita kabla haijafanyika, kuna wazee wa Ruvuma wanaoacha shamba, wavu na kanisa, na hatimaye kulala kitandani, kwa ugonjwa ambao nafuu yake imejulikana tangu 1967.